Swala Ndani ya Blanketi

Kwa miaka kumi na tisa Elisante Mkumbo alifanya kazi ya damu na hakuwahi kuona kinyaa. Bucha lake lilikuwa Kiomboi, nyuma kidogo ya stendi, chumba kimoja chenye ndoano tano na gogo la kukatia lililokuwa limechakaa katikati kwa mapanga. Kuchinja walichinja Waislamu, kama watu walivyotaka. Yeye Mlutheri alimpokea mnyama akishatulia: akachuna, akapasua, akatoa matumbo, akatundika. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye paja anajua kama ng'ombe huyu amekufa ametulia au amekufa na hofu. Nyama ya mnyama aliyeteseka inakuwa nyeusi, inanata kwenye kisu, na Elisante hakuwa tayari kuiuza. Mteja akimwuliza kama nyama ni ya leo alimwambia ukweli, hata kama ukweli huo ungemwachia robo tatu ya mbuzi kwenye ndoano mpaka jioni.

Bucha lilipofungwa alikuja Dubai akiwa na miaka arobaini na sita, umri ambao wenzake wengi walikuwa wanarudi nyumbani. Sasa ana hamsini na moja. Anaosha masufuria kwenye jiko kubwa upande wa Rashidiya, linalopikia wafanyakazi wa uwanja wa ndege, na analala International City, ghorofa ya nne, chumba cha watu sita, kitanda cha chini karibu na mlango. Ni mtu mtaratibu. Anafua Alhamisi, anampigia mkewe Ijumaa, na nyama ya kwenye sahani za plastiki za supamaketi hainunui mpaka atoboe nailoni kwa ukucha na kunusa, jambo ambalo limeshamgombanisha na wauzaji zaidi ya mara moja.

Mlango unaotazamana na wao anaishi Twaibu, Mganda wa Masaka, mwenye miaka thelathini na tatu, mlinzi wa geti kwenye shamba la mtu mmoja tajiri huko jangwani. Kijana mcheshi, mwenye sauti ya kujaza korido nzima. Miaka miwili iliyopita Elisante alishikwa na mawe kwenye figo, siku ambayo lifti ilikuwa mbovu, na Twaibu ndiye aliyembeba mgongoni ghorofa zote nne mpaka kwenye teksi. Alikaa naye hospitali siku mbili kwenye kiti cha plastiki. Waliporudi nyumbani Twaibu alimpikia uji wa mtama asubuhi na jioni, akamlisha kwa kijiko, huku akimtania kwamba analea mtoto mwenye mvi. Deni la namna hiyo halilipiki, na Elisante hakujifanya kwamba limelipika.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa tatu asubuhi, Twaibu alipogonga mlango na viatu vimejaa mchanga, Elisante aliinuka kabla hajajua anaitiwa nini.

"Mzee wangu, vaa. Nimewinda."

"Umewinda nini, mende?"

"Swala. Jike, kubwa. Nimelikimbiza mwenyewe kwenye mchanga, nimelichinja mwenyewe kwa bismillahi. Liko shambani. Nataka mtu wa kunisaidia kulileta, na hapa hakuna anayejua nyama kukushinda."

Elisante alikaa kitandani akamtazama. "Twaibu, nchi hii swala hawawindwi ovyo. Nani kakuruhusu?"

"Jana mtoto wa arbab, bosi wangu mwenye shamba, alileta wageni na bunduki. Wamepiga wao, hili wamesema ni langu. Khalas. Mimi ni mtu wa geti tu, mzee. Wakubwa wakisema chukua, nachukua."

Lilikuwepo swali jingine, na Elisante alilijua: kama wageni ndio waliopiga, wewe ulikimbiza nini? Hakuliuliza. Alitoa kisu chake cha kuchunia kwenye begi chini ya kitanda, akakifunga kwenye taulo, wakashuka.

Gari lilikuwa dogo, Twaibu ameazima kwa rafiki yake. Njiani Twaibu alizungumza bila kupumua. Ameshawaambia watu wa ghorofa nzima. Paskazia wa mlango wa tatu, dada wa Bukoba anayefanya kazi za ndani Al Warqa, alikuwa na siku yake ya mapumziko na ameshaloweka mchele. Wengine wameahidi kuleta soda. Elisante alimsikiliza, na kusema kweli mate yalimjaa. Nyama ya porini hakuwa ameionja tangu ujana wake.

Shamba lilikuwa limezungushiwa wavu mrefu, na ndani ya wavu mchanga, vichaka, mabanda machache ya kivuli na mabirika ya maji. Palikuwa na alama za matairi kila mahali, zimezunguka na kukatana. Elisante alizitazama alama hizo na akaelewa uwindaji wenyewe ulikuwaje. Watu walikuwa ndani ya magari, wanyama walikuwa ndani ya ua.

Swala alikuwa nyuma ya banda la pampu, amefunikwa turubai. Kabla turubai halijafunuliwa alisikia nzi.

"Ulimchinja saa ngapi?"

"Leo, baada ya alfajiri."

"Na risasi alipigwa saa ngapi?"

Twaibu alijikuna shingo. "Jana alasiri. Alikimbilia kwenye vichaka, wageni wakachoka kumtafuta. Wakachukua madume yao yenye pembe nzuri wakaondoka. Wakaniambia nimalizie."

Elisante alivuta turubai. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Risasi ilikuwa imeingia chini ya mbavu za mwisho, na kinyesi cha kijani kimetoka pale kikakaukia kwenye manyoya meupe. Mchanga ulikuwa umeganda juu ya kidonda, tabaka juu ya tabaka, maana yake alilala, akainuka, akalala tena, usiku kucha. Kwato zake zilikuwa ndefu na laini, kwato za mnyama asiyekimbia. Sikio la kushoto lilikuwa na kipande cha plastiki ya njano chenye namba.

"Hukumtoa matumbo," Elisante alisema.

"Ndiyo maana nimekuita."

Alitokea mzee mmoja upande wa mabirika, amevaa kanzu iliyokunjwa mpaka magotini na gambuti za plastiki. Twaibu alinong'ona kwamba huyo ni Wahid, Mpemba, mlisha wanyama, yuko hapo miaka mingi. Elisante alimpa shikamoo.

"Marahaba," mzee alijibu. Hakumtazama Twaibu hata kidogo. Alisimama akimwangalia swala, mikono nyuma. "Huyu nimemlea mie kwa chupa. Mamaake alikufa yeye ana siku mbili. Alikuwa akinifuata mpaka msalani."

"Pole, mzee," Elisante alisema.

"Mchukueni. Msimburure. Mbebeni."

Kisha akageuka akarudi kwenye mabirika yake.

Hapo ndipo Elisante alipopaswa kurudi garini na kukaa. Alijiambia hivyo baadaye mara nyingi. Kisu chake kilikuwa bado kwenye taulo, mikono yake bado misafi, na mwenye uchungu amesimama hatua kumi kutoka pale. Lakini Twaibu alikuwa ameshainama upande wa kichwa anamsubiri, na mgongo ule aliouinamisha ndio uliombeba Elisante mpaka kwenye teksi. Akashika miguu ya nyuma. Walimfunga kwenye blanketi la zamani na juu yake nailoni. Walipomwinua, tumbo lilitoa sauti, na maji ya moto yakamwagikia Elisante kwenye ndara, yakapita katikati ya vidole.

Walirudi na madirisha wazi, upepo ukiwapiga kama mlango wa tanuri. Harufu haikutoka. Twaibu alikuwa bado anazungumza, sasa kuhusu vitunguu. Elisante alitoa kichwa nje kidogo. Alikuwa ameshavuta harufu ya matumbo maisha yake yote, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, na haikuwahi kumpa shida. Ilikuwa harufu ya kazi. Hii ilimkaa kooni kama kamasi isiyomezeka wala kutemeka.

Kwenye jengo mlinzi alikuwa ameenda kujiandaa kwa swala ya Ijumaa, na Twaibu akaliona hilo kuwa bahati. Waliingia kwenye lifti wamebeba mzigo kati yao. Mlango ulipokaribia kufunga, akaingia mama mmoja wa Kihindi, sari ya bluu, na mfuko wa nyanya. Alitazama blanketi, akaziba pua kwa ncha ya sari.

"Kapeti, madam," Twaibu alimwambia kwa Kiingereza, huku akitabasamu. "Kapeti la zamani sana."

Ghorofa ya pili mguu mmoja wa mbele ulichomoka kwenye nailoni. Mguu mwembamba, mwekundu wa mchanga, na kwato ile ndefu ikagusa sari ya yule mama. Hakupiga kelele. Alijibana kwenye kona, macho juu, akishika mfuko wake kwa mikono miwili mpaka mlango ukafunguka. Elisante hakumwangalia. Miaka yote pale Dubai alijitahidi kuwa mtu ambaye majirani wakimwona hawashtuki.

Walimlaza swala kwenye sakafu ya bafu ya chumba cha Twaibu, kati ya choo na ndoo za kuogea. Elisante alikunja suruali, akapiga magoti kwenye vigae na kuanza kazi, maana sasa hapakuwa na njia nyingine. Kisu kilipopita katikati ya miguu ya nyuma, kabla ya damu, kilitoka kitu cheupe. Kilitiririka polepole kwenye vigae kuelekea kwenye tundu la maji.

Elisante alisimamisha mkono. Akabonyeza kiwele kwa kidole gumba. Kilikuwa kimejaa.

"Huyu alikuwa ananyonyesha."

"Basi?" Twaibu aliuliza kutoka mlangoni.

"Mtoto wake yuko wapi?"

"Mzee, kule kuna swala zaidi ya arobaini. Mimi nitajuaje mtoto wa nani?"

Alipofungua tumbo ilibidi ageuze uso. Risasi ilikuwa imepasua utumbo na kila kitu kimechanganyika humo ndani, kijani na cheusi, na kimekaa kwenye joto tangu jana. Alitoa alichoweza. Alikata kipande cha paja akakishika kwenye mwanga. Kilikuwa cheusi kama ini, kinang'ata ncha ya kisu, kinanata vidoleni kama gundi ya miti. Alikijua kipande hicho kabla hajakiona. Akakiweka chini.

"Twaibu, hii nyama haifai kuliwa."

"Tutaiosha kwa siki."

"Hata uioshe kwa nini. Tumbo limepasuka tangu jana. Na mnyama ameteseka, itazame. Buchani kwangu hii ilikuwa inafukiwa."

"Watu wako kwenye korido, mzee. Paskazia ana sufuria jikoni. Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

Twaibu alicheka, akaona kwamba mzee anahitaji kuchangamshwa. Akatoa simu. "Wewe unadhani nimeokota mzoga. Hebu tazama mwenyewe jinsi nilivyowinda." Akachuchumaa pembeni yake, bega kwa bega, akamwekea simu mbele ya macho kwa sababu mikono ya Elisante ilikuwa na damu.

Video ilikuwa ya asubuhi ile. Simu ilikuwa imeegemezwa mahali fulani chini, na Twaibu amesimama kwenye mchanga na ndoo ya shayiri. Anaitikisa. Shayiri inalia kwenye plastiki. Kutoka kwenye vichaka anatokea swala, taratibu, miguu ya nyuma inakokota, kidonda kinavuja. Anaifuata sauti ya ndoo. Anapokaribia, Twaibu anarudi nyuma hatua tano, anatikisa tena, anaigeukia simu na kufanya uso wa simba. Swala anasogea. Twaibu anarudi nyuma tena. Mara ya tatu swala anapiga magoti, anainuka, anakuja. Twaibu kwenye video anacheka mpaka anashika tumbo. Halafu anaweka ndoo chini, na swala anaingiza pua ndani ya ndoo, na hapo ndipo anapomshika.

"Umeona?" Twaibu alisema. "Sehemu ya kumkimbiza niliongeza mdomoni tu, kuwafurahisha watu."

Elisante aliisukuma simu kwa kiwiko. Kinywa kilimjaa maji, ya moto, ya chumvi, na safari hii hayakuwa mate ya hamu. Alitapika kwenye choo, mikono ikiwa imeshika ukingo, na alipomaliza aliona alama za vidole vyake vya damu kwenye ule weupe, kumi, zimepangika. Yeye, mchuna ng'ombe. Twaibu alimpigapiga mgongoni kama alivyofanya kule hospitali, na mguso ule ulimchefua kupita harufu.

"Usiniguse, Twaibu."

"Ni joto tu, mzee. Kunywa maji."

"Alikuwa anakufa. Ungemmalizia pale alipolala, ningekusifu. Kwa nini ulimtembeza?"

Twaibu alifikiri kwa kweli. Ilionekana usoni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza jambo kama hilo. "Ilikuwa video tu," alisema mwisho.

"Mpigie Mzee Wahid. Sasa hivi. Mwambie kwamba jike lilikuwa na mtoto."

Twaibu alitaka kubisha, akamtazama, akapiga na kuweka sauti ya nje. Mzee Wahid alisikiliza mpaka mwisho. "Najua," alisema. "Nimeshampata, alikuwa kajikunyata chini ya mkwaju karibu na ua. Nampa maziwa ya mbuzi. Anakunywa kidogo kidogo. Nani anauliza?"

"Mimi, mzee. Niliyekuja kubeba," Elisante alisema kutoka sakafuni.

"Haya," mzee alisema, na simu ikakatika.

Elisante alinawa mara tatu. Akaosha kisu, akakifunga kwenye taulo jingine, akatoka. Kwenye korido walikuwa wamesimama watu kama wanane, wana sahani, wana hamu, siku ya mapumziko ni moja tu kwa wiki. Paskazia alikuwa amefunga kitambaa kichwani na mwiko mkononi.

"Kaka Elisante, imekuwaje? Maji yanachemka."

"Dada, nyama imeharibika. Mnyama alipigwa tumboni jana, amelala na kidonda usiku kucha. Msiile."

Hakuwaambia habari ya ndoo. Aliona kana kwamba kuisema ni kuifanya yeye. Nyuma yake Twaibu alitokea ameshika paja amelisafisha, linang'aa, akalinyanyua juu. "Mzee ameugua kidogo na joto," aliwaambia. "Nyama hii hapa. Nani anaona uharibifu?"

Wakacheka. Mtu mmoja alisema kwamba wenye mabucha huwa hawapendi nyama ya bure. Paskazia peke yake hakucheka. Alilisogelea lile paja, akalinusa, akamtazama Elisante, kisha akaenda jikoni na kutoa sufuria yake motoni. Alirudi nayo chumbani kwake, mchele, maji na yote. Wengine walitafuta sufuria nyingine.

Waliila. Waliichemsha saa mbili na pilipili na siki na tangawizi, na harufu yake ilipita chini ya mlango ambapo Elisante alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alingoja kusikia mtu akikimbilia chooni. Hakuna aliyeugua. Kesho yake mmoja wa watu wa chumbani kwake alimwambia kwamba ilikuwa ngumu kidogo lakini tamu, na kwamba alikosa. Elisante alisema sawa. Siku zile alikuwa akisugua miguu kwa jiwe na sabuni ya masufuria, pale katikati ya vidole, na hakuridhika.

Paskazia alimletea wali mweupe na maharage siku ya Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani akimwangalia anakula. Hakumwuliza kitu, na Elisante alimsimulia yote, hata ndoo. Alipofika pale swala alipopiga magoti, Paskazia alisema, "Basi, inatosha, kaka," na hakutaka kusikia zaidi.

Elisante alijaribu kumchukia Twaibu, ingekuwa rahisi. Haikuwezekana. Kila alipoikumbuka ile video alikumbuka pia kijiko cha uji, na mkono uliotikisa ndoo ulikuwa uleule ulioshika kijiko. Hilo ndilo lililomtia kichefuchefu hasa, kuliko utumbo uliopasuka. Na juu ya hilo, yeye mwenyewe alishika miguu ya nyuma. Alisikia maneno ya mzee wa watu, akasema pole, kisha akashika miguu.

Wiki tatu baadaye alipata namba ya Wahid kwa watu wa Pemba wanaouza viungo Deira, akampigia. Mzee alimjibu kwa kifupi lakini kwa heshima. Yule mtoto aliishi siku tisa. Maziwa ya mbuzi hayakumkaa. Elisante alishukuru kwa kuambiwa.

Twaibu alipata kazi nyingine mwezi wa nane, ya kulinda maghala huko Jebel Ali, na huko wanalala kazini. Siku ya kuhama alipita kila mlango kuaga. Alimkuta Elisante anasubiri lifti, amevaa sare ya kazi, na akasimama mbele yake na masanduku yake mawili, bila ule utani.

"Mzee wangu, bado una hasira na mimi?"

"Sina hasira, Twaibu. Nachefuka tu."

Twaibu alitazama chini. "Ningejua itakukaa hivi nisingekuonyesha."

"Najua," Elisante alisema.

Lifti ilifika. Elisante alichukua sanduku moja, lile zito, akamsaidia kulishusha mpaka nje kwenye gari, wakapeana mikono. Kisha akaenda kwenye kituo cha basi. Alipofika kazini alikwenda kwanza kwenye sinki, akafungua maji ya moto, na akanawa mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko kabla ya kugusa sufuria yoyote.